Kadi za salamu zenye ndege wa uani: wino unatawanyika, na mwenye duka anataka nitie gilita

Subira_Moro

Habari za jioni wadau.

Niko Kihonda, Morogoro. Ni mwalimu wa shule ya msingi, na kila muhula ukiisha shuleni hubaki marundo ya karatasi za mitihani zilizokwisha kusahihishwa, ambazo mwisho wake ni kuchomwa moto nyuma ya vyoo. Niliomba niwe nazichukua. Nazilowanisha usiku kucha, nazisaga kwenye blenda kuukuu, namimina kwenye beseni, kisha nachota kwa fremu ya mbao niliyoiwamba wavu wa dirisha. Karatasi inatoka nene, kijivujivu, ina vidoa vya wino mwekundu wa kalamu ya mwalimu huku na huku. Mimi naipenda hivyo hivyo.

Juu yake nachora ndege wanaokuja uani kwangu. Nina mpapai, mgomba, na matawi ya mwembe wa jirani yaliyohamia upande wangu bila kibali, kwa hiyo wageni hawakosekani: shomoro, tetere, shore, mnana, wale wadogo wa buluu wanaookota punje chini ya kamba ya nguo, na kuzumburu ambao mwaka huu hawajaniachia papai hata moja liive. Nataka kuuza kadi za Krismasi, za Idi, za pole, za mahafali. Na ziwe rafiki wa mazingira kweli, siyo kwa jina.

Nimekwama hapa. Nikichora kwa kalamu ya wino au rangi za maji, mstari unatawanyika. Jicho la shore linakuwa kama la mtu aliyepigwa ngumi. Halafu nilizipeleka kwenye duka moja la steshenari hapa mjini, mwenye duka akasifia, lakini akataka niweke laminesheni, nitie gilita, na kila kadi iingie kwenye mfuko wa nailoni unaoonyesha, la sivyo zitachafuka na hazitauzika. Sasa hapo rafiki wa mazingira amebaki wapi?

Na nichore ndege gani? Bundi ndiye niliyempatia kuliko wote, ila mama mkwe alipoiona ile kadi mezani aliigeuza kifudifudi, akakaa kimya mpaka alipoaga.

Bei nayo sijui nianzie wapi. Asanteni.

---

Babu_Wino

Subira mwanangu, swali lako limenikuta penyewe. Nimezeekea kwenye uchapaji, tangu enzi za kupanga herufi za risasi moja moja mpaka hizi kompyuta, na sasa nimestaafu najichapia kadi zangu kwa mkono hapa Sakina, Arusha.

Tuanze na wino. Karatasi yako si mbovu, ina kiu tu. Karatasi ya dukani hutiwa kiwandani kitu cha kuzuia isinywe wino ovyo. Wewe umeilowanisha, umeisaga, ile kinga imepungua. Irudishie. Chukua wanga wa muhogo, vijiko viwili vya chakula kwa lita moja ya maji. Ukoroge kwanza kwenye maji baridi ili usifanye madonge, kisha uupike moto mdogo huku unakoroga, mpaka ule weupe wa maziwa utoweke na uone upande wa pili wa kijiko. Acha upoe. Paka kwa brashi pana upande mmoja, anika kivulini, ikikauka geuza upake upande wa pili. Mwisho piga pasi ya moto wa wastani, kitambaa kikiwa juu. Jaribu kwenye kipande cha pembeni kabla hujachora ndege wa watu. Mstari ukiendelea kutambaa, paka tena.

Kuna watakaokuambia utie shabu. Shabu inakaza kweli, sikatai, lakini ina asidi, na asidi ndiyo huifanya karatasi ipauke, iwe njano na kukatika kwenye mkunjo baada ya miaka. Kadi ya pole watu huiweka ndani ya Biblia wakazeeka nayo. Usitie shabu. Na kwa kuwa umetia wanga, mende watakusalimia: hifadhi karatasi juu, pakavu, siyo kwenye boksi chini ya kitanda.

Lakini mimi ningekushauri uache kuchora kila kadi kwa mkono. Kwa anayetaka kuuza, huo ni utumwa. Chonga muhuri. Lino, lile bamba laini la kuchongea mihuri, ukiipata ni nzuri sana, ni mafuta ya kitani na unga wa kizibo, haina plastiki. Tatizo ni kuipata. Huku kwetu ndala iliyokatika kamba inatosha. Ioshe, isugue kwenye saruji mpaka uso uwe bapa, chora ndege, kata kwa wembe wa kushika vizuri, usiharakishe. Wino mzito wa kuchapia uliopakwa kwa sponji hukaa juu ya karatasi, hautambai kama wa kalamu. Kumbuka maneno huchongwa kinyume, la sivyo "Hongera" yako itasomwa kwenye kioo. Chapa kwa rangi moja, nyeusi, halafu ongeza tone moja tu la rangi kwa mkono pale ndege huyo anapotambulika. Ukipaka rangi tano kwenye karatasi ya kijivu utapata tope.

Sasa huyo mwenye duka. Laminesheni ni ngozi ya plastiki iliyogandishwa juu ya karatasi. Kadi yenye ngozi hiyo ukiirudisha kwenye blenda yako haisagiki, basi haiwezi tena kuwa karatasi. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia mimi: kadi ikishazeeka, je, inaweza kurudi kwenye beseni ilikotoka? Ikishindwa, maneno ya mazingira nyuma yake ni urembo. Gilita nayo, ile ya kawaida ya dukani, ni vipande vya plastiki vyenye kung'aa. Ikioshwa mikononi inaingia mfereji, mfereji unaingia Ngerengere, Ngerengere inaingia Ruvu, na maji ya Ruvu wanakunywa watu wa Dar. Tusiwapelekee salamu za namna hiyo.

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Vifungashio vina taratibu zake tofauti na sitaki tuingie kwenye mabishano ya ipi ni ipi. Wewe huhitaji. Kata ukanda wa karatasi ya kaki, zungushia kadi na bahasha yake, funga kwa uzi wa mkonge. Mkoa wako una mashamba ya mkonge, uzi haujatoka mbali. Hofu ya kuchafuka ni ya kweli, simlaumu mwenye duka. Mpe kadi moja ya kushikwashikwa na kila mteja, nyingine zikae ndani ya boksi.

Jambo moja ambalo hukuuliza. Utasikia watu wanachemsha migomba kupata nyuzi, wanachanganya na karatasi kuukuu, na kweli nyuzi zile hupendeza na huipa karatasi nguvu. Ila mgomba unachemshwa saa nyingi, kwa magadi au maji ya majivu. Ukiuchemsha kwa mkaa, umekata mti ili usikate mti. Mitihani yako inasagika kwa maji baridi. Baki nayo.

Na hiyo mitihani ndiyo utajiri wako. Pale Iringa kuna Neema Crafts, walianza 2003 na vijana viziwi wakitengeneza karatasi, hata ya kinyesi cha tembo. Mtu akiigeuza kadi ya namna hiyo akajua imetokana na nini, anacheka, na anayecheka tayari ameshaingiza mkono mfukoni. Yako iandike nyuma: "Karatasi hii ilikuwa mtihani wa Hisabati, darasa la tano." Ila saga sawasawa. Jina la mtoto na maksi zake zisije zikasomeka kwenye tumbo la tetere.

---

Fundi_Msimbazi

Mwalimu, mimi nachapa kadi Kariakoo, nitasema la moyoni usinichukie.

Kadi za Krismasi zilishapungua siku nyingi, watu wanatumiana picha. Hata za harusi: zamani nilichapa za mchango, za mwaliko, single na double, kamati nzima inakuja ofisini kubishana rangi. Siku hizi kadi ya mchango inaingia WhatsApp, na ukumbini wanakuskani simu mlangoni. Ukitegemea mtu aamke Desemba aseme anatafuta kadi ya shomoro, utasubiri.

Kilichobaki hai ni mahali ambapo mtu hawezi kwenda mikono mitupu. Send-off, kitchen party, mahafali, kipaimara, kumtazama mzazi. Pale watu wanatoa pesa, na pesa wanaitia kwenye bahasha ya kaki waliyoinunua njiani, wanaandika jina kwa peni inayokwaruza. Tengeneza kadi yenye mfuko wa noti ndani. Kunja upande wa chini wa karatasi ya ndani, gundisha pembeni, noti ya elfu kumi ikae bila kukunjwa mara mbili. Hiyo nitakuuzia mimi mwenyewe hapa.

Gilita wateja wanaiulizia, sitakudanganya. Kinachoziba pengo lake ni kugandamiza bila wino: unachonga umbo, unailowesha karatasi kidogo, unakandamiza, ndege anatokeza kwa kivuli tu. Karatasi yako nene inafaa kwa kazi hiyo kuliko zangu.

Tahadhari: usiipitishe karatasi ya mkono kwenye printa ya ofisi. Nyuzi na chembe zikibaki ndani zinaharibu dramu, na fundi akija hakuhurumii. Maneno ya ndani chapa kwenye karatasi ya kawaida, gundisha. Au tumia kaki. Kule Mgololo, Mufindi, wanatengeneza kaki hapa hapa nchini kutokana na miti ya kupandwa. Ndege mweusi juu ya kaki yuko vizuri sana.

---

Mdodosi_Ndege

Dada Subira, salamu kutoka Dodoma. Nakuja kwenye ndege maana wengine wamemaliza karatasi.

Mpango wa Babu wa tone moja la rangi unawafaa sana ndege wa uani, kwa sababu wengi wao wana alama moja tu. Shore: kichwa cheusi chenye kishungi kidogo, mwili wa kahawia, na chini ya mkia, pale karibu na miguu, njano. Watu humchora kahawia mtupu wakamsahau njano yake, halafu wanashangaa haeleweki ni nani. Mpe njano hiyo na kila mtu atamjua bila kusoma jina. Wale wa buluu ni mshigi. Kabla hujawatia rangi kaa dirishani uangalie: kuna jamii ambayo dume ana duara jekundu shavuni na kuna jamii isiyo nalo kabisa. Chora aliye kwako, usichukue wa intaneti. Kwanza ile picha ina mwenyewe, pili anaweza kuwa ndege wa nchi nyingine.

Mnana ndiye ningemweka mbele kuliko wote kwa kadi za harusi, na sababu ni tabia yake, siyo uzuri. Dume anachana majani ya mgomba na nyasi ndefu, anafunga pete kwanza kwenye tawi, kisha anaizungushia mpaka iwe kiota. Akimaliza ananing'inia chini ya mlango, kichwa chini, anapiga mabawa na kupiga kelele ili jike aje akague. Jike anaingia, anavuta vuta nyasi, anatoka. Kiota kikikosa wa kukitaka, kikakauka rangi, dume mwenyewe hukibomoa na kuanza kingine. Sasa niambie bwana harusi gani asiyeijua hadithi hiyo. Chora dume ananing'inia, jike amekaa tawini anatazama pembeni, ndani uandike "Hongera, amekubali kiota." Kadi za send-off zitakwisha.

Kuzumburu ninajua unamchukia. Mchore ana papai. Hiyo iwe kadi ya kuomba radhi. Mkia wake mrefu utakusaidia kujaza karatasi, na wakilala usiku hubanana kundi zima kwenye tawi moja, umbo zuri la kuchonga kwenye ndala.

Tetere na njiwa ni salama kwa ndoa na kwa misiba pia. Chozi dume ana rangi za kumeta ambazo muhuri mweusi hauwezi kuzifikisha. Mchonge kivuli chake tu, mdomo uliopinda umo ndani ya ua, inatosha.

Kunguru usijisumbue. Yule mwenye shingo ya kijivu aliletwa Zanzibar kutoka India kwenye miaka ya 1890 ili ale taka, na matokeo yake tunayaona: anakula mayai na makinda ya hao hao unaowachora. Yule mwenye kifua cheupe ni wa kwetu tangu zamani, maskini, lakini nani atamtumia mchumba kadi ya kunguru?

Bundi namtetea kidogo kwa kuwa anakula panya. Lakini mama mkwe wako ndiye soko la Tanzania. Kwa watu wetu bundi ni uchuro, na kadi ya pole yenye bundi inaweza kuvunja undugu. Waachie watalii.

---

Subira_Moro

Shikamoo Babu Wino. Leo nimepaka wanga karatasi chache, ninasubiri zikauke. Ndala zimepatikana, watoto wa darasani wameniletea kwa fujo, nyingine bado nzima nimezirudisha.

Fundi, umenivunja moyo halafu ukaniunga. Hiyo ya mfuko wa noti nimeipenda. Mdodosi, "amekubali kiota" nimecheka peke yangu, naomba ruhusa ya kuitumia.

Nina swali jingine. Nimeona kadi zenye mbegu ndani, mtu akimaliza kuisoma anaipanda. Nifanye? Dada yangu yuko Uingereza anasema nimtumie kadi kumi awauzie wenzake. Na je, kadi ya Idi ikiwa na ndege ni sawa?

---

BiMwana_Unguja

Assalaam alaykum mwalimu, hongera kwa kazi ya mikono.

Kuhusu Idi nitakwambia ninavyoona kwetu. Wapo wasiojali kabisa, na wapo wasiopenda picha ya kiumbe chenye roho, hasa kwenye kitu cha sikukuu. Huwezi kumuuliza kila mnunuzi. Fanya kiota kitupu. Kiota cha mnana kinachoning'inia kwenye kuti la mnazi, na mwezi mwandamo upande wa juu, kila mtu atakipokea. Au unyoya mmoja tu.

Halafu maneno. Naona wote mnaandika "Hongera" na "Heri ya nini". Sisi tuna kanga, na mtu hununua kanga kwa maneno yake kabla ya mauwa. Kadi nayo ipe jina. "Wema hauozi" kwa kadi ya shukrani. "Mgeni njoo mwenyeji apone" kwa aliyejifungua, na chini yake kinda ndani ya kiota. Ukitaka za utani, weka kuzumburu na "Hasidi hana sababu". Hizo wanawake watazinunua wakatumiana wenyewe kwa wenyewe, na kila mmoja ataapa hakukusudia. Chonga maneno kwa herufi kubwa, ndani ya kisanduku, chini ya picha, kama yanavyokaa kwenye kanga. Uso wa kadi ukishasema, ndani waachie nafasi ya kuandika.

---

Mtoro_Leicester

Mwalimu, mimi ni mtu wa Tanga niliyekwama kwenye baridi. Mbegu usitume huku. Mbegu kutoka nje zinadai cheti cha afya ya mimea, na kadi yako itazuiliwa na wakaguzi. Kadi tupu, karatasi na wino, haina shida.

Kuhusu ndege wa Krismasi: huku kila duka Desemba limejaa kadi za kindege mwenye kifua chekundu amesimama kwenye theluji. Wanasema ilianzia karne ya 19, matarishi wa Uingereza walivaa koti jekundu, watu wakawapa jina la ndege huyo, wachoraji wakamchora akibeba barua. Ni ndege wao wa uani, anakuja mpaka mlangoni, kwa hiyo sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni kuikuta kadi ile ile ya theluji imetumwa kwangu kutoka Tanga.

Nikupe wazo. Mbayuwayu. Huku majira ya joto wanajenga kwenye mabanda ya ng'ombe, ikifika Septemba wanaondoka kwenda Afrika. Huko kwenu Desemba wamejaa kwenye nyaya za umeme. Sidai kuwa ni wale wale walioruka kutoka Leicester, lakini ni jamii ile ile. Chora waya, mbayuwayu wamejipanga, mkia wenye ncha mbili. Mimi na wenzangu tutanunua, kwa sababu ndiye ndege tunayemuona akiondoka huku sisi tunabaki. Kuzichonga ni rahisi pia, weusi mtupu, na tone lako jekundu liwe kwenye koo.

Zipakie kwenye kadibodi mbili ngumu, usitume bahasha tupu. Nilishapokea kadi iliyofika imekunjwa nne.

---

Fundi_Msimbazi

Hiyo ya BiMwana ya maneno ya kanga, mwalimu, usiipuuze. Nitachukua hamsini za "Hasidi hana sababu" kabla hata sijaziona.

---

Babu_Wino

Marahaba mwanangu.

Mbegu kwa soko la hapa sikukatazi, ila zinabishana na kazi nyingine tuliyoifanya. Mbegu haipendi pasi, na haipendi kukaa kwenye majimaji. Karatasi ikichelewa kukauka itachipua kwenye kamba. Ukitaka, tenga fungu dogo: tia mbegu za mchicha kwenye rojo dakika ya mwisho kabla ya kuchota, usipige pasi, kausha kwa upepo, uzikandamize chini ya ubao mzito. Mchicha kwa sababu mbegu yake ni ndogo, haifanyi karatasi iwe na vinundu, na kwa sababu utaliwa. Usinunue mchanganyiko wa maua wa kigeni usiojua ndani yake kuna nini; tunayo magugu ya kututosha. Na ukumbuke shomoro wako hula mbegu, kwa hiyo usianike uani.

Bei. Watu hupiga hesabu ya karatasi na wino, wanasahau mikono. Kaa na saa. Tengeneza fungu moja tangu kusaga mpaka kufunga uzi, uone umetumia muda gani, gawa kwa idadi ya kadi, jilipe kama ambavyo ungemlipa kijana wa kukusaidia. Juu yake weka wanga, wino, bahasha na nauli ya kupeleka kifurushi kwenye basi. Hiyo ndiyo bei yako wewe. Duka litaongeza la kwake. Ukihitaji 2,000 mkononi, usishangae kuiona rafuni kwa 3,000, na usimuuzie mteja wa mtaani kwa 2,000 hiyo hiyo, maana mwenye duka akisikia hataagiza tena. Kwa Fundi na hamsini zake unaweza kupunguza kidogo, lakini akulipe nusu kabla. Ninawajua watu wa Msimbazi.

Mbayuwayu wa huyo kijana wa Leicester mchonge mapema, Septemba isikukute hujaanza. Posta ina mwendo wake.

Mwisho ni bahasha, na hapa ndipo wengi hukwama kadi zikiwa zimeshachapwa. Usitengeneze kadi kwanza ndipo utafute bahasha ya kuitosha. Bahasha zinazopatikana kwa urahisi ni za C6, milimita 114 kwa 162. Karatasi ya A5, yaani nusu ya A4, ikikunjwa katikati inakuwa milimita 105 kwa 148, inaingia humo na nafasi kidogo inabaki, ambayo utaihitaji kwa kuwa karatasi yako ni nene. Kwa hiyo fremu yako ya kuchotea itengeneze upya, mbao ndogo zaidi, itoe kipande cha A5 moja kwa moja. Kingo za asili zile zenye nyuzi usizikate kwa mkasi. Ziache.